Ufito na Ngazi Hamsini na Nne

Siku aliyoajiriwa kikosi cha zimamoto, akiwa na miaka ishirini na miwili, mkanda wa sare ulimzunguka kiuno mara moja na nusu. Wenzake wakambandika jina la Ufito kabla hata hajafunga viatu. Miaka ishirini na mitano ikapita. Sasa alikuwa na kilo mia moja na nne na shingo iliyozama mabegani, lakini vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari kazini walimwita Mzee Ufito bila hata kutabasamu, maana walishazoea. Waliocheka ni wageni.

Unene wenyewe haukumvamia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa ngazi na mipira ya maji, mtu wa kuingia kwenye moshi na kutoka na mtoto wa watu kifuani. Kisha akapandishwa cheo akawa dereva wa gari kubwa. Dereva wa zimamoto si mtu wa kudharauliwa, kwa sababu gari lisipofika hakuna moto unaozimwa. Ila akishafika husimama kando ya pampu anaangalia mishale ya presha, wenzake ndio wanaokimbia. Na kati ya moto mmoja na mwingine kuna kusubiri. Kwenye kusubiri kuna chai, na chai haikubali kunywewa peke yake.

Mwezi wa kumi na moja mkuu wa kikosi alibandika tangazo mlangoni. Kila askari, madereva nao, atapimwa tarehe nane ya mwezi wa kwanza. Atapanda mnara wa mazoezi wa ghorofa sita akiwa na mpira wa maji begani, atashuka, kisha atamburuta Mjomba mita thelathini. Mjomba lilikuwa jina la sanamu la turubai lililojazwa mchanga, kilo sabini kamili, ambalo kila askari alishawahi kulitukana. Yote hayo kwa dakika nne na nusu. Atakayeshindwa atahamishiwa stoo.

Jioni ile, wenzake walipoondoka, Ufito alijijaribu kimya kimya na saa ya simu. Dakika tano na sekunde arobaini. Halafu akaenda nyuma ya gari lake mwenyewe akatapika.

Alimwambia mkewe tu. Mkewe alikuwa karani wa posta, mtu wa kupima mizigo, hakuwa na papara.

"Una wiki saba hivi," alisema. "Zinatosha ukiwa na adabu."

"Nitakuwa nayo."

"Lakini katikati kuna sikukuu kwa mama."

Ufito akaweka kikombe chake cha chai chini.

Mama yake Ufito, mjane wa miaka sabini na mitatu, alikuwa amepika kwenye bweni la shule kwa miaka thelathini. Alipikia watoto mia mbili, asubuhi, mchana na jioni, na tangu astaafu hakuwahi kujifunza kupikia watu wachache. Kila mwisho wa mwaka Ufito na mdogo wake wa kike walikusanyika kwake na wenzi wao na watoto, watu kumi na mmoja pamoja na mama, kwa siku nne. Magodoro yalitandikwa hadi chini ya meza. Na kwa siku nne hizo mtu hakupewa nafasi ya kuhisi njaa. Sahani ya mama haikuisha. Ukiipunguza upande huu, inajazwa upande ule wakati umegeuka kujibu swali.

Ufito alifanya mazoezi wiki zile zote. Alikimbia alfajiri na kuacha mkate, na kwenye chai alitia sukari kijiko kimoja badala ya vitatu, jambo lililomuuma kuliko kukimbia. Hadi sikukuu inafika alikuwa amepungua kilo nne, na muda wake umeshuka hadi dakika tano kasoro kidogo. Bado sekunde kama ishirini na tano. Siku nne za mapishi ya mama zingeweza kula wiki zote hizo.

"Mwambie ukweli," mkewe alimshauri wakiwa njiani.

"Nimwambie mama kwamba mwanawe anaweza kupelekwa stoo? Alilitangazia jengo zima nilipopewa gari."

Jengo lenyewe lilikuwa la zamani, la ghorofa nne, halina lifti. Mama alikaa ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne kutoka chini, nyembamba, zenye kona mbili kila ghorofa. Miaka mingine walimkuta getini na kanga yake begani, akiwapokea mmoja mmoja. Mwaka huu waliposhuka na mabegi walisikia sauti tu kutoka kwenye kibaraza cha juu: "Pandeni! Chakula kinapoa!" Wakapanda. Hakuna aliyejiuliza.

Mchana ule mama alimpakulia Ufito kilima cha wali, na kwenye kilele akaweka paja la kuku. Ufito alikula robo, akasukuma sahani.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Siumwi, mama."

"Basi nimetia sumu."

Dada yake, mama mwenye watoto watatu na ulimi usio na likizo, alishika kijiko hewani akimtazama kaka yake. Ufito akaona njia moja tu ya kutokea. "Tumbo, mama. Limenisumbua tangu jana."

Likawa kosa. Mama hakukasirika tena. Alifanya kibaya zaidi, alimhurumia. Alimpikia uji wa maziwa na siagi, akamsimamia hadi chini ya bakuli pakaonekana. Saa mbili baadaye akaleta bakuli la pili. Usiku akaleta la tatu na kusema tumbo tupu ndilo linalouma. Mkewe Ufito aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Asubuhi yake, kabla watu hawajaamka, Ufito alitoka na madumu mawili ya lita ishirini. Maji ya bomba hayakupanda hadi ghorofa ya tatu. Bomba lilikuwa uani, na mama alikuwa na pipa jikoni, ambalo kijana wa mtaani alilijaza kwa malipo. Akaona ni mazoezi halali. Mtu anayemjazia mama yake maji nani atamuuliza? Alishuka na madumu matupu na kupanda nayo yamejaa, akishuka tena bila kupumzika. Safari ya nne mapigo ya moyo aliyasikia masikioni. Safari ya tano pipa lilijaa, akaanza kuwajazia majirani. Ajuza wa mlango wa pili alifungua akiwa na kitambaa cha kulalia kichwani, akaangalia ndoo zake zote zimejaa, akamwombea heri ndefu na kurudi kulala.

Baada ya safari ya saba alirudi uani, akakaa kupumua. Pale chini, kando ya geti, fundi viatu alikuwa anapanga vifaa vyake juu ya ubao. Kutoka juu likashuka kapu dogo lililofungwa kamba. Fundi alitoa mikate miwili na fungu la nyanya kwenye mfuko, akavitia kapuni, akavuta kamba mara mbili. Kapu likapanda hadi kibaraza cha mama.

"Mama mvivu siku hizi," Ufito alisema akicheka.

Fundi hakucheka. Alichukua kiatu, akakigeuza soli juu.

"Wewe ndiye mkubwa wake, yule wa zimamoto?"

"Ndiye."

"Basi nikwambie, usije ukasema nimesengenya. Mimi nakaa hapa kila siku. Tangu mwezi wa tano sijaiona miguu ya mama yenu. Namwona kichwa tu, pale juu."

Ufito alimtazama asiamini. Fundi akaendelea, akipaka gundi bila haraka. Mwezi wa tano, siku ya mvua, mama alikuwa anapanda na vitu vyake vya sokoni. Akateleza kwenye kona ya ghorofa ya kwanza. Hakuvunjika. Lakini alikaa pale sakafuni karibu saa nzima, nyanya zimetawanyika, akiona aibu kuita mtu. Fundi ndiye aliyemkuta alipopanda kupeleka viatu. Akamsaidia hadi mlangoni, na mama akamwapisha asiseme. Nesi wa zahanati alikuja, akamwambia goti limevimba tu, litapona kwa kutembea, kukaa ndiko kutakakoligandisha. Mama alimshukuru nesi, akafunga mlango, hakutoka tena.

Ufito alipanda bila madumu. Ngazi zile alikuwa amezipanda mara saba asubuhi ile akihesabu sekunde zake, na hakuwa amewaza hata mara moja kwamba kuna mtu zinamfunga ndani kama mlango wa jela. Alikumbuka mwezi wa nane, dada yake alipomtembelea mama na kusimulia kwenye simu kwamba amemkuta anamenya ndizi, ametoka sokoni sasa hivi. Soko lipi?

Mama alikuwa jikoni anakanda unga, ameegemea meza kwa nyonga.

"Mama, ulianguka."

Mikono ikasimama kwenye unga. "Nani kakwambia?"

"Si neno. Ulianguka mwezi wa tano, ukakaa sakafuni saa nzima, ukanyamaza miezi saba."

"Na wewe tumbo halikuumi," mama akajibu papo hapo. "Mwenye tumbo hapandi ngazi na madumu kama punda aliyetoroka. Nimekusikia tangu saa kumi na moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua, mwanangu. Sema."

"Hiyo methali unamwambia nani, mama?"

Mlangoni dada alikuwa ameshafika, nywele hazijachanwa, amesikia yote.

Ufito akavuta kigoda akakaa, akasema. Tangazo, mnara, Mjomba, stoo, kilo mia moja na nne. Mama alisikiliza akisugua unga kwenye vidole.

"Mia moja na nne?"

"Sasa mia moja."

"Nilikuzaa kilo mbili na nusu, wakasema hutaishi. Hizo nyingine umezitoa wapi?"

"Nyingi kwako, mama."

Mama aliangua kicheko hadi akashika meza. Dada naye akacheka, kisha ghafla akaanza kulia, akamkumbatia mama na unga wake. "Saa nzima sakafuni," alisema. "Na mimi nilikupigia simu mwezi ule ule kukulalamikia jiko langu bovu."

"Ningekwambia mngekuja kunihamisha," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mngenipeleka kukaa kwenye chumba cha nyuma cha mtu, niombe ruhusa ya kuchemsha maji. Hapa ni kwangu. Goti haliumi hivyo. Ni ile kona. Nikifika mlangoni tu naiona."

Hapo Ufito alikuwa amefika kwenye kazi anayoijua. Watu wanaoganda kwenye ngazi za kuokolea alishawashusha wengi siku za ujana wake, na alijua mtu wa namna hiyo haambiwi usiogope. Anasimamiwa mbele, kidato kimoja chini yake, ili asione shimo aone uso; na anaulizwa mambo ya kawaida.

Saa kumi jioni walitoka mlangoni. Mama alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Ufito alitangulia kinyumenyume, dada nyuma.

"Wali wa watu mia mbili," Ufito aliuliza, "unatia maji kiasi gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Nauliza tu. Kikosini kuna sherehe, hakuna anayejua."

"Inategemea mchele. Wa zamani au mpya?" Akashusha mguu. "Mpya hautaki maji mengi."

Walishuka hivyo, mchele, kisha maharage, kisha yule mwalimu wa zamu aliyekuwa akiiba sukari ya bweni ndani ya soksi. Ghorofa ya pili ikapita. Walipokaribia ile kona, mama akakata maneno katikati. Akasimama pale dakika nyingi.

"Leo basi," alisema.

"Leo basi," Ufito akakubali, wakarudi. Mama hakula vizuri usiku ule, na hakumpakulia mtu yeyote. Kila mmoja alijipakulia, na watoto waliona jambo hilo la ajabu kiasi kwamba walikula kimya.

Siku ya mwaka mpya ndiyo ilikuwa siku ya karamu yenyewe. Kuku watatu walikuwa tayari, viazi vimekaangwa, keki imefunikwa kitambaa. Saa sita na nusu mama alivua aproni, akavaa gauni lake la maua na viatu vya kamba.

"Hakuna anayegusa sufuria mpaka nirudi," alitangaza.

"Unakwenda wapi, bibi?" mjukuu mmoja akauliza.

"Chini."

Wote wakamfuata. Ufito mbele, dada nyuma, mkewe Ufito na mume wa dada wakibeba kila mmoja kiti cha plastiki, wajukuu wakisukumana nyuma yao. Kwenye kona mama akasimama tena. Ufito hakuuliza habari za wali. Alimwona anahesabu mwenyewe, midomo inacheza. Kisha mguu mbaya ukashuka, na mzuri ukaufuata, na kona ikabaki nyuma yao, ukuta wa kawaida wenye rangi iliyobanduka.

Uani jua lilimpiga mama usoni akafumba macho. Fundi viatu alisimama, akamfutia ubao wake kwa kitambaa ili akae.

"Kumbe miguu unayo!" alisema.

"Ninayo, na viatu vyangu ulivichelewesha," mama akajibu, akaketi. Alikaa robo saa, akiangalia watu wanaopita getini kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu, akimsalimia kila mmoja, na wengi wakisimama kumuuliza alikuwa wapi.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Goti linapanda kwa shida kuliko linavyoshuka. Ufito alijitolea kumbeba. Kwani si ndiyo kazi yake?

"Mimi si gunia," mama alisema. "Wala si huyo Mjomba wenu."

Akapanda mwenyewe. Kila ghorofa walimwekea kiti akapumua, na kiti cha pili kikatangulizwa juu. Ilichukua dakika arobaini. Jasho lilimtoka, na mara moja alitukana ngazi kwa neno ambalo wajukuu hawakuwahi kulisikia kwake. Walilirudia mwaka mzima. Walipofika, kuku walikuwa wamepoa na mafuta yameganda pembeni. Walikula saa tisa. Mama alimpakulia Ufito mwenyewe: nyama, mboga nyingi, wali kijiko kimoja. Ufito alimaliza, akatazama sufuria.

"Kingine, mama. Njaa ya kweli hii."

"Na mnara wako?"

"Mnara uko tarehe nane."

Mama akamwongeza kijiko kimoja. Alishika mwiko juu ya sufuria, akapigana na nafsi yake waziwazi mbele ya watu wote, kisha akaurudisha mwiko mahali pake.

Tarehe nane Ufito alipanda mnara mbele ya kikosi kizima. Alipanda vizuri, akashuka vizuri, na Mjomba akamshinda mita tano za mwisho. Dakika nne, sekunde arobaini na moja. Alikaa chini kwenye saruji na kichwa katikati ya magoti, na vijana waliokuwa wakipiga makofi wakaacha kupiga.

Alimpigia mama mchana. Hakumficha.

"Umekosa kwa sekunde ngapi?"

"Kumi na moja."

"Sekunde kumi na moja ndiyo nini? Ukipiga chafya imekwisha. Hawarudii?"

Walirudia. Waliokosa kwa chini ya robo dakika, watu watano, walipewa nafasi moja mwisho wa mwezi. Wiki tatu zile Ufito hakuacha siku. Alimburuta Mjomba uani mwa kituo kila jioni hadi mshono wa bega la sanamu ukaachia, na mtunza stoo, mtu mpole aliyekuwa amekaa kwenye chumba kile miaka tisa, akaushona tena bila kuulizwa na kusema, "Mimi sikupata nafasi ya pili. Wewe buruta."

Alimaliza kwa dakika nne na sekunde ishirini na sita. Miguu ilimtetemeka hadi alishindwa kuingia garini, wakamsukuma kwa nyuma kama gunia, wakicheka wote. Alikuwa na kilo tisini na saba. Si ufito, lakini dereva.

Mama naye hakugeuka mwanariadha. Goti lilimuuma siku za baridi, na siku hizo alibaki juu. Lakini Jumanne na Jumamosi alishuka, dada yake Ufito akimsindikiza moja ya siku hizo, na kila mara alipiga simu kueleza alichokiona.

Mwezi wa nne, Jumatano moja, Ufito alimpigia mara tatu hakupokea. Saa nne, saa tano, saa sita. Akaacha kuosha gari, akaweka ndoo chini. Alimpigia ajuza wa mlango wa pili.

"Mama yako? Ametoka tangu asubuhi. Amekwenda kumtazama rafiki yake mtaa wa nyuma, aliyepata mjukuu. Simu nasikia inalia humo ndani, ameiacha."

"Peke yake?"

"Peke yake. Nilikuwa kwake nanywa kahawa, akanitoa akafunga mlango hata sijamaliza. Nimwambie nini akirudi?"

Ufito alifikiri. "Mwambie nilikuwa namsalimia tu."

Akakata simu, akachukua ndoo na kitambaa, akaendelea kuosha gari.